Picha za Chini ya Rangi

Katika mji ule kuna watu wanaolala kila siku ubavuni mwa picha wasizojua kama zipo. Nyuma ya kabati la mwalimu mmoja yupo mwanamke aliyejitwika ndoo, maji yanamchuruzika shingoni. Jikoni kwa mwenye duka la viatu yupo jogoo anayekimbizana na paka, na ukiwatazama vizuri huwezi kujua nani anamwogopa nani. Wote wamo ukutani, wamefunikwa rangi ya krimu, na wenye nyumba wanapigilia misumari humo humo wakitundika kalenda.

Aliyewachora ni msichana mmoja aliyeitwa Kobe.

Jina hilo alipachikwa na Domo, fundi mwenzake, mara tu alipoingia kazini. Kila alipoulizwa jambo shingo ilimzama mabegani, macho yakabaki yanachungulia. "Mzee, mbona umetuletea kobe?" Domo akamwambia mjomba wa msichana, na jina likaganda kama gundi. Domo naye jina lake lilijieleza lenyewe. Aliongea akipaka, aliongea akila, na mjomba aliapa kwamba huongea hata akipiga mswaki. Walikuwa watatu tu: mjomba, ambaye ndiye mwenye kazi na mwenye ngazi, Domo, mtu wa rola, na Kobe, mtu wa brashi ndogo, maana hakuna aliyeweza kupita ukingoni mwa dirisha kwa mstari ulionyooka kama yeye.

Mafundi wa rangi wana desturi yao. Ukuta unaosubiri kupakwa hauna heshima. Huko ndiko wanakopangusia brashi, huko ndiko wanakojaribia rangi waone kama imekolea, huko ndiko wanakoandika vipimo kwa penseli. Kitakachofunikwa hakina lawama. Na hapo ndipo Kobe alipopata upenyo wake. Mjomba na Domo wakienda kunywa chai, yeye alibaki akisema ameshiba, akachukua mabaki ya rangi chini ya makopo, akachora. Wakirudi, Domo alichovya rola na picha ikazikwa. Hakuna aliyesema kitu. Kobe aliamini kwamba hawazioni, kwamba kwa mafundi wale yalikuwa mapanguso tu kama mengine.

Hakuwahi kuchora mahali pengine, na alikuwa na sababu. Zamani, alipoacha shule darasa la tano ili awatunze wadogo zake, alichukua mkaa akawachora ukutani uani, wote wamejazana kwenye karai moja wanaoga. Wadogo zake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwenye nyumba alipopita hakucheka. Mama alipiga magoti akausugua ukuta ule kwa brashi na sabuni, huku akigeuka kila mara na kusema, "Tusamehe, baba, tusamehe," na mkaa haukutoka wote. Kobe hakuchapwa. Afadhali angechapwa. Tangu siku ile alijua kwamba picha inayobaki humpigisha mtu magoti, na mtu huyo si yule aliyeichora.

Basi ikaja kazi ya zahanati.

Chumba cha kupimia watoto uzito kilikuwa kimefungwa kikarabatiwe, na mizani imehamishiwa barazani. Ilikuwa ile mizani ya kuning'inia, ambayo mtoto huvalishwa kaptula yenye kamba kisha akatundikwa kama furushi. Watoto hawakuipenda hata kidogo. Tangu asubuhi vilio vilikuwa vinapokezana pale nje, kimoja kikizimika kingine kinawaka.

Siku ya kwanza, wenzake walipokwenda chai, Kobe alimchora mwanambuzi nyuma ya mlango. Alimvalisha kaptula ile ya mizani, miguu inaning'inia, mdomo wazi, analia kwa uchungu wa dunia nzima. Ndiyo kwanza anamalizia masikio alipohisi kuna mtu nyuma yake.

Alikuwa Sista, muuguzi mkuu wa pale, mwanamke mpana mwenye viatu visivyotoa sauti.

"Nani kakuambia uchore hapa?"

Shingo ikazama. "Nitafunika, Sista. Nafunika sasa hivi."

Sista aliinama karibu na ukuta, na mabega yake yakaanza kutikisika. Kobe akadhani ni hasira, kumbe ni kicheko.

"Ndiye yule wa asubuhi!" Sista akasema akijifuta machozi. "Yule aliyenipiga teke la kidevu! Ndiye huyu huyu, umemrefusha masikio tu!"

Mjomba na Domo wakaingia na harufu yao ya chai. Sista akawageukia. "Fundi, huyu binti ni nani wako?"

"Mpwa wangu, Sista. Kama kuna kosa..."

"Huyu wa nyuma ya mlango mfunikeni, hapa hataonekana na mtu. Lakini ule ukuta mkubwa, unaotazamana na mahali pa mizani, sitaki mtie krimu. Nataka huyu anichoree. Na sitaki zile picha za vitabuni, matunda yamepangwa kama yamekuja kwenye mkutano. Nataka hivi hivi. Jumatatu nafungua chumba."

"Atachora," Domo akadakia.

"Sikukuuliza wewe."

Wote wakamtazama Kobe. Kobe akatikisa kichwa, ila kwa jinsi shingo ilivyokuwa imezama haikujulikana amekubali au amekataa. Sista akachukua kwamba amekubali.

Kesho yake Kobe aliupiga ukuta ule msasa, akaupaka rangi nyeupe ya kwanza. Hapo hakukuwa na neno, ukuta lazima uandaliwe. Ulipokauka akaona kama kuna kivuli karibu na swichi, akaupaka tena. Kisha akaona michirizi ya brashi, akaupiga msasa upya, akaupaka tena. Wenzake walimaliza dari, wakamaliza kuta nyingine, wakamaliza mlango. Yeye bado yuko pale pale na kopo lake jeupe.

"Kobe," Domo akamwita kutoka juu ya ngazi, "ukizidi kuupaka huo ukuta chumba kitapungua. Mtoto ataingia, mama atabaki nje."

"Bado haujakaa sawa, kaka."

"Haujakaa sawa! Ukuta laini kuliko shavu langu! Ukiupaka mara nyingine mimi napeleka posa."

Haukuwa uvivu. Kila baada ya kupaka alisimama mbele ya ule weupe, penseli mkononi, mkono ameuinua, na hapo hapo aliona magoti ya mama kwenye maji ya sabuni. Kwenye kuta za kufunikwa mkono ulitangulia, yeye akaufuata nyuma. Hapa mkono ulimngoja yeye, na yeye akaungoja mkono, wakatazamana mpaka jioni.

Nyumbani alimkuta mama anakunja nguo.

"Mama, nimeambiwa nichore ukuta wa zahanati."

Mama akaacha kukunja. "Wa zahanati? Umeambiwa na nani?"

"Na Sista. Mkuu wa pale."

"Kasema kweli, au alikuwa anakutania?" Mama akaipapasa nguo iliyokuwa mapajani, ingawa ilikuwa imeshanyooka. "Ukuta wa watu ule, mwanangu. Usije ukaingia matatani."

"Sijaanza bado."

"Basi," mama akasema, akashusha pumzi. Pumzi ile ilimwingia Kobe kifuani ikakaa humo.

Ijumaa asubuhi Sista akaja. Alisimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni.

"Mweupe," akasema.

Domo akapanda ngazi kama aliyeitwa huko juu.

"Binti, mimi silazimishi mtu. Nilipokuwa kama wewe nilisimamishwa mbele ya watu niimbe peke yangu. Mdomo ukafunguka, sauti ikakataa. Mpaka leo naimbia bafuni." Akamgusa bega. "Hujanikosea kitu. Fundi, pakeni krimu tumalize. Jumatatu kina mama watakuwa mlangoni."

Akaondoka na viatu vyake vya kimya.

Kobe alijisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Akajiambia kwamba amefurahi. Akachukua brashi akaanza kuiosha, ingawa ilikuwa safi, akaiosha na kuiosha, na furaha yenyewe haikuja.

Domo alishuka kwenye ngazi. Hakufanya mzaha, na hilo peke yake liliogopesha. Akafudikiza ndoo, akaketi.

"Leo nitasema," akasema.

"Lini hukusema?" mjomba akauliza.

"Leo nasema la maana, mzee. Kobe, unamkumbuka yule mama wa ndoo? Nyumbani kwa mwalimu?"

Brashi ikamponyoka Kobe mkononi.

"Nilimfunika mimi, kwa rola hii. Nikaanzia miguuni, nikapanda na gauni, nikafika shingoni kwenye yale maji, nikashindwa. Nikaenda kupaka kuta zote zilizobaki. Nikarudi, bado ananitazama. Nikamwambia, samahani mama, kazi ni kazi. Nilimwambia kwa sauti! Muulize mjomba wako, alidhani nina homa."

"Ni kweli," mjomba akasema. "Nilimshika paji la uso."

"Sikuvishi kilemba cha ukoka, Kobe. Yule jogoo wako wa jikoni alikuwa na miguu ya bata, na hilo nilitaka kukuambia siku nyingi. Lakini wote huwa nawaanzia miguuni. Uso nauacha wa mwisho. Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka kuzika watu wazima na afya zao."

Kobe alimtazama Domo, akamtazama mjomba. "Kumbe mlikuwa mnaziona?"

Mjomba akacheka chini chini. "Mpwa wangu, unadhani ni chai gani ile inayonywewa mpaka jua linafika utosini? Tumbo langu lina maji kama tangi. Na zile rangi nyekundu na buluu chini ya makopo, kwenye nyumba zilizoagiza krimu tupu, ulidhani zinajileta zenyewe?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeacha." Akainuka, akajipangusa suruali. "Haya, twende chai. Tukirudi tunapiga krimu. Sista ameshaamua, na mimi sitabishana naye. Ukuta huu sasa ni wa kufunikwa kama mwingine wowote."

Kama alisema hivyo kwa hila au kwa kuchoka, mpaka leo hajaeleza.

Kobe akabaki peke yake. Ukuta ni wa kufunikwa. Alisema maneno hayo kwa mdomo, taratibu, kama anayejaribu kiatu. Halafu akaokota brashi.

Mkono ukatangulia. Ukaanza mwisho wa ukuta, upande wa mlangoni, na mama kuku aliyekusanya vifaranga chini ya mbawa, mmoja anachungulia aone foleni imefika wapi. Nyuma ya kuku akaja ng'ombe, mkoba begani, anampangusa ndama pua. Punda akaja amesinzia wima, mwanawe amemlalia shingoni. Na mbele kabisa, kwenye mizani ya kuchorwa, akatundikwa mwanambuzi ndani ya kaptula yake, mdomo wazi, miguu inaning'inia. Mama mbuzi alisimama pembeni, ameupa mgongo umati. Alitazama kando kwa sababu hakuweza kumwona mwanawe akilia, lakini kwato yake moja, aliyoinyoosha nyuma, ilikuwa imemshika mtoto mguu.

Mgongo ule Kobe hakuutafuta. Ulikuja wenyewe, umeinama kidogo upande wa kushoto, na ulipokwisha akajua ni wa nani.

Alipogeuka, mjomba na Domo walikuwa mlangoni. Hakujua walisimama hapo tangu saa ngapi. Mjomba alitazama tangu kuku mpaka mbuzi, akavua kofia, akaivaa tena. Domo akampita Kobe. Akafungua ndoo ya krimu, akaikoroga kwa kijiti, akachovya rola, akaikamua pembeni.

"Haya," akasema. "Kazi ni kazi."

Akaanzia miguuni, kama kawaida yake. Rola ikapita mara moja juu ya mwanambuzi. Mguu mmoja ukatoweka, pamoja na kwato ya mama iliyoushika.

"Acha!"

Sauti ile ilifika mpaka barazani, na mtoto mmoja aliyekuwa analia akanyamaza asikilize. Domo akaganda, rola hewani, krimu inamdondokea kiatuni.

"Nani kasema?" akauliza, kwa sababu kweli hakuijua sauti.

"Mimi. Weka rola chini, kaka."

"Lakini Sista..."

"Weka chini!"

Domo akaiweka chini polepole kama mwizi aliyezingirwa. Akamsogelea mjomba akamnong'oneza, "Mzee, Kobe ana meno."

Sista akaingia mbio. "Nani anapiga kelele kwenye zahanati yangu?" Kisha akaona ukuta. Akamgeukia mjomba. "Fundi?"

"Mimi sijachora kitu," mjomba akasema. "Mwenye ukuta huyo hapo, ongea naye."

Kobe alisikia shingo yake ikianza safari ya kuzama. Akashika brashi kwa mikono miwili, kama ndiyo inayomshikilia asishuke.

"Sista, ulisema krimu. Naomba isipakwe. Naomba hii ibaki."

Sista hakucheka safari hii. "Haijakwisha. Nusu ya ng'ombe haina rangi."

"Namaliza leo na kesho."

"Na isipokauka je? Watoto wataondoka na rangi mikononi, mama zao wanijie juu."

"Hii ni rangi ya maji, inakauka upesi. Na huku chini wanakofika watoto ndiko nitakakoanzia."

"Na wakubwa wangu wakija wakaniuliza nani kaleta ng'ombe mwenye mkoba kwenye chumba cha serikali?"

Magoti ya mama yalikuwa pale pale mbele ya Kobe, hayakuwa yameondoka. "Waniulize mimi," akasema.

Sista akamtazama. Kisha akamtazama yule mbuzi anayelia. "Haya. Ila mrudishie mtoto wa watu mguu wake."

Mguu haukurudi kirahisi. Krimu ya Domo ilikuwa bado mbichi, brashi ikateleza, mguu ukatoka umepinda kwa ndani. Kobe akaupangusa akachora tena. Ukapinda tena. Alisimama akautazama, na mara ukuta wote ukaanza kumchukiza: kuku mnene mno, punda ana shingo ya ngamia. Akanyoosha mkono.

"Mjomba, nipe nyeupe. Nafunika huku mbele nianze upya."

"Nyeupe imekwisha."

"Si kopo zima hilo hapo?"

"Imekwisha," mjomba akasema, akalikalia kopo.

Domo akaangua kicheko. Kobe naye, taratibu, akacheka, na mguu ukabaki kama ulivyo. Akairudisha tu ile kwato ya mama, iushike.

Jumatatu walirudi kuchukua ngazi na makopo. Chumba kilikuwa kimejaa kina mama, watoto, vitambaa na kelele. Watoto hawakuacha kulia kwa sababu ya picha, asidanganywe mtu. Mmoja alipotundikwa kwenye mizani alimwona mwanambuzi analia mbele yake, akashangaa kidogo, kisha akaendelea, na sasa wakawa wanalia wawili. Ila waliokuwa kwenye foleni walikuwa wanamtafuta kifaranga anayechungulia, na hao hawakulia.

Karibu na dirisha Kobe akamwona mama yake. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, amesimama kama mtu aliyekuwa anapita tu. Alikuwa anamtazama mama mbuzi. Aliutazama ule mgongo, akajipapasa wa kwake kwa nyuma, upande wa kushoto, bila kujua kama anafanya hivyo.

"Jamani," akasema mwanamke mmoja aliyempakata mtoto, kwa sauti ya kusikika na wote, "nani kamchora huyu mbuzi? Mbona mguu umepinda?"

Mama akageuka upesi. Maneno ya zamani yakamtoka yenyewe, na magoti yakaanza kukunjika. "Tusamehe, dada, huyo ni..."

"Mama, subiri." Kobe alikuwa ameshafika, ndoo mkononi. Alimshika mama mkono. Uso ulimwaka moto, lakini shingo ilikuwa mahali pake. "Ni mimi niliyemchora, dada. Najua umepinda."

Yule mwanamke akamtazama juu mpaka chini, akautazama na mguu. "Sasa nani kasema ni vibaya? Wa kwangu akitundikwa hapo hupinda hivyo hivyo." Akampandisha mtoto begani. "Umewahi kumwona nini?"

"Kobe!" Domo akaita kutoka nje. "Ngazi haijibebi!"

"Nakuja!" akajibu, na barazani Domo akasikika akimwambia mjomba kwamba siku hizi wanapigiwa kelele.

Mama hakuwa amesogea. Alinyoosha kidole, akakirudisha, akawatazama watu, akakinyoosha tena. Aliigusa ile kwato iliyoshika mguu uliopinda, akakitazama kidole chake. Kilikuwa safi.

"Imekauka," akasema.